Njoo Kesho

Kwenye kishikwambi cha mdodosaji, mwisho kabisa wa dodoso, lipo swali ambalo mhojiwa hasomewi. Linauliza matokeo ya ziara, nawe unachagua namba: 1 amekamilisha, 2 hayupo nyumbani, 3 ameahirisha, 4 amekataa. Nimefanya kazi hii miaka saba. Nne sidhani kama nimeibonyeza mara kumi. Tatu nimeibonyeza mpaka basi. Nilichelewa sana kung'amua kwamba tatu zangu nyingi zilikuwa nne.

Kazi yenyewe ni mahojiano ya vifo. Kwenye makaratasi ya ofisi jina lake ni refu, uchunguzi wa chanzo cha kifo kwa njia ya mahojiano, lakini vijijini tuliitwa "watu wa vifo", tukazoea. Watu wengi kwetu bado wanafia nyumbani. Hakuna daktari aliyewaona siku ya mwisho, hakuna cheti kinachosema wamekufa kwa maradhi gani. Basi anatumwa mtu kama mimi kwenda kumuuliza aliyemuuguza marehemu: homa ilianza lini, ilikuwa ya kupanda na kushuka au ya mfululizo, alikohoa, alikonda, alivimba miguu, mkojo wake ulikuwaje. Zamani majibu hayo yalisomwa na madaktari wawili, kila mmoja kivyake, na wakitofautiana anaitwa wa tatu. Siku hizi mara nyingi programu ya kompyuta ndiyo inayokokotoa. Kinachotoka huko ni jina la ugonjwa.

Sisemi haya kwa kuidharau kazi. Mradi wa AMMP, wa kuchunguza maradhi na vifo vya watu wazima, ulipoanza mahojiano ya aina hii mwaka 1992, Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, ndipo tulipoanza kupata picha ya nini hasa kinawaua watu wazima wasiofika hospitali. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990, Rufiji na Morogoro Vijijini zikawa na mradi wa TEHIP, wa huduma muhimu za afya, na halmashauri zikajifunza kupanga fedha za afya kwa kutazama magonjwa yanayoua watu wao, badala ya kunakili bajeti ya mwaka uliopita. Takwimu hizo zilitoka kwa watu waliokaa kwenye mkeka wakasimulia kifo. Ningekuwa naiona kazi haina maana ningeshaiacha, nikarudi dukani kwa mjomba.

Sasa nieleze ile ziara.

Ni kijiji kimoja mkoani Lindi, msimu wa korosho, watu wako mashambani tangu alfajiri. Orodha yangu ilikuwa na mama aliyefiwa na mtoto mchanga miezi mitatu nyuma. Siku ya kwanza nikapiga hodi, akatoka uani akiwa na ungo mkononi. "Karibu, daktari." Nikajieleza, akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, kwa upole kabisa, "Haya. Basi njoo kesho, leo nawahi shamba." Nikabonyeza 3. Kesho yake nikamkuta mkwewe. Mwenyewe ameenda kisimani. Nikabonyeza 2. Siku ya tatu nikamkuta. "Njoo kesho, baba yake awepo." Nikabonyeza 3 tena.

Jioni ile msimamizi akanipigia. Ile kaya inaning'inia, akasema, kesho uifunge. Nami nikafanya kama tulivyokuwa tukifanya sote: nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mzee akapanda baiskeli yake, akanitangulia. Alipofika hakupiga hodi hata mara mbili. "Mama, hawa ni wageni wa serikali, wasaidie." Mama akaingia ndani, akarudi na mkeka, akautandika. "Karibuni."

Nikamsomea fomu ya ridhaa, kurasa mbili. Ushiriki wako ni wa hiari. Unaweza kujitoa wakati wowote bila kuathiri huduma unazostahili kupata. Mwenyekiti amekaa kwenye kigoda, hatua mbili kutoka kwetu, anajipepea na kofia.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Una swali lolote?"

"Sina."

"Unakubali kushiriki?"

Akanitazama, akamtazama mwenyekiti. "Si mmeshakuja."

Nikaandika Ndiyo.

Alikuwa na ungo wa choroko mapajani, anachambua huku anajibu. Mimba ilikuwa ya miezi mingapi. Uchungu ulianza saa ngapi. Chupa ilipasuka lini. Mkono unakwenda, mawe upande huu, choroko upande ule. Tukafika kwenye swali ambalo kila aliyefanya kazi hii analijua, kwa sababu ndilo linalotenganisha mtoto aliyezaliwa mfu na aliyezaliwa hai akafa: je, mtoto alilia, hata kama ni kidogo tu?

Mkono ukasimama.

"Kidogo," akasema.

Swali linalofuata, naapa nimeliona limeandikwa hivi: alilia baada ya dakika ngapi? Nikalisoma. Akaniuliza yeye: "Daktari, kwani angelia kwa nguvu angeishi?"

Mimi si daktari. Nina cheti cha kidato cha sita na mafunzo ya wiki tatu kwenye ukumbi wa hoteli ya mjini, na katika wiki hizo tatu tulifundishwa kwamba mhojiwa akihuzunika tunyamaze, tumpe nafasi, tumuulize kama angependa tupumzike au tuache. Nililijua somo hilo vizuri, nilikuwa nimepata alama nzuri. Lakini nilikuwa na kaya mbili nyingine siku hiyo, na mwenyekiti alikuwa anaangalia jua. Nikasema, "Pole sana, dada. Naomba tuendelee."

Tukaendelea. Dakika hamsini. Nikampa sabuni vipande viwili, akavipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo. Njiani mwenyekiti akaniambia kwa fahari, "Unaona? Watu wangu wana ushirikiano."

Ukilikagua hilo faili hutaona kosa. Kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kipo. Barua ya mkurugenzi wa halmashauri ipo, ya mtendaji wa kijiji ipo, kila moja na mhuri wake. Fomu ni ya Kiswahili, sahihi ipo, nakala moja aliachiwa na namba ya kamati ya maadili ya kupiga akiwa na malalamiko. Angepiga kwa simu ya nani, na aseme nini? Kwamba kijana alikuja na adabu zake zote, akaniuliza kama nakubali?

Mimi nimezaliwa pwani. Najua mgeni hakatazwi mlangoni. "Karibu" ni salamu, hata mtu asiyekupenda atakupa, na mkeka atakutandikia. "Nakataa" ni neno zito. Mtu anakataa posa, anakataa shauri mbele ya baraza. Jambo dogo halikataliwi kwa neno hilo. Linasukumwa mbele: njoo kesho, ngoja nimuulize mwenzangu, sasa hivi nina kazi, tutaona, Mungu akipenda. Na kuna ile "haya" fupi ya kushuka sauti ambayo kila Mswahili akiisikia anajua mlango umefungwa. Nikimkopa mtu akaniambia "nitakutafuta", simwekei namba 3 nikarudi kwake siku tatu mfululizo. Nimeelewa. Mbona nilipovaa fulana ya mradi nilisahau lugha yangu?

Jibu langu ni kwamba fulana ilinilipa kwa kusahau. Ofisi hupima wadodosaji kwa kiwango cha kukamilisha. Timu yenye wakataaji wengi huitwa kikaoni ijieleze. Nimewahi kumsikia mtu akiwasilisha matokeo na kujivunia kwamba hakuna aliyekataa, ukumbi ukapiga makofi. Siku hizi nikisikia hivyo roho inanidunda. Watu mia kadhaa, wa rika zote, wengine wamefiwa juzijuzi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu ya kukataa?

Kwenye mafunzo tulielezwa habari za Tuskegee, kule Alabama, Marekani: kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 serikali iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende bila kuwatibu, wakiambiwa wana "damu mbaya", hata baada ya penisilini kuwa tiba ya kawaida. Hadithi ile husimuliwa kama hadithi ya madaktari wabaya wa mbali, tunatikisa vichwa, tunakwenda kunywa chai. Kilichonishtua mimi nilikuja kukisoma baadaye. Watafiti walihitaji kuipasua miili ya waliokufa, na ruhusa walitakiwa kuipata kwa wafiwa. Aliyetumwa kuiomba ni muuguzi mweusi, Eunice Rivers, mtu aliyezoeleka na familia hizo, aliyewapeleka kliniki kwa gari na kuketi nao msibani. Mradi uliahidi dola 50 za mazishi. Karibu familia zote zilikubali. Hakuna aliyelazimishwa kwa bunduki. Alikwenda mtu wao, akapiga hodi kwa adabu, kwenye nyumba yenye msiba isiyo na fedha ya jeneza. Sijilinganishi na ule uovu, mimi sikumnyima mtu dawa. Lakini ile hodi naifahamu. Na mwenyekiti wangu wa baiskeli ndiye muuguzi Rivers wangu, nami ndiye niliyemwita.

Kuhusu neno "daktari". Ukija na pikipiki, kishikwambi na kitambulisho kifuani, wewe ni daktari, hata ukikana. Wenzangu wengi hawakani, maana linafungua milango. Mimi sasa naanza nalo kabla sijakaa: mimi si daktari, sina dawa kwenye begi, sifanyi kazi zahanati, na majibu yako hayatakuletea matibabu wewe wala mtoto aliyebaki. Ukisema hivyo kwa maneno hayohayo, bila kuzungusha, utaona sura zinabadilika. Wapo watakaokwambia wazi kwamba basi hawana muda. Hao ndio waliokuwa wakinihoji mimi kwa matumaini, huku nikidhani ninawahoji wao. Bibi mmoja wa Kilwa alinichekesha siku moja. "Zamani mumiani walitaka damu," alisema, "nyinyi mnataka maneno. Bora nyinyi, maneno yanarudi." Sina hakika kama yanarudi. Katika vijiji vyote nilivyofanya kazi, viwili tu ndivyo nilivyowahi kuona mtafiti akirudi kueleza alichokipata.

Kalenda nayo ina makosa yake. Mradi mmoja uliamua kwamba familia isihojiwe mpaka siku arobaini zipite, na waliopanga hivyo walidhani wameonyesha heshima kubwa kwa mila. Hawakuwa wajinga, mtu aliwaambia habari za arobaini. Hakuna aliyewaambia habari za eda. Siku ya hamsini nikapiga hodi kwa mjane, ikaitika sauti ya mwanamke kutoka ndani, kisha akatoka mama mtu mzima na kanga yake ameikaza, akasimama mlangoni. "Mwanangu, huyu yuko edani." Miezi minne na siku kumi, mwanamume asiye maharimu wake hana cha kukaa naye. Niliona aibu mpaka masikioni, kwa sababu mama yangu mwenyewe alikaa eda nikiwa darasa la sita, na nilikuwa mimi ninayetumwa mlangoni kuwajibu watu. Niliporipoti, ofisi ikasema nimtumie mdodosaji wa kike. Ni suluhisho, kweli. Lakini hakuna aliyeuliza kama mjane mwenyewe angetaka kuhojiwa ndani ya eda na mtu yeyote. Tulimwacha. Nilibonyeza 3, na kwa mara moja tatu ile ilikuwa tatu ya kweli: nilirudi baada ya miezi mitatu, akatoka mwenyewe, akasema amekuwa akinisubiri, na akanisimulia ugonjwa wa mumewe kwa mpangilio ambao sijapata kuuona tena.

Halafu kuna faragha, neno tunalolisoma kwenye fomu nje ya nyumba ya udongo, watoto sita wamesimama wanatazama na jirani amevuta kigoda ili asikie vizuri. Waliolifanyia kazi jambo hili kwa umakini ni waliokuwa wakiuliza habari za wanawake kupigwa. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake: ahojiwe mwanamke mmoja tu kwa kila kaya, utafiti utambulishwe kwa jina la jumla la afya na maisha ya wanawake, na mdodosaji awe na maswali mengine ya kuhamia akiingia mtu. Kwa utaratibu huo walifanya kazi Dar es Salaam na Mbeya, na matokeo yaliyotoka mwaka 2005 yalionyesha kuwa kati ya wanawake waliowahi kuwa na mwenzi, 41 katika kila 100 Dar, na 56 Mbeya, walikuwa wametendewa ukatili wa kimwili au wa kingono na wenzi wao. Wangewauliza mbele ya waume zao wangepata sifuri, na baadhi ya wanawake wangelipia jioni.

Hilo la kubadili maswali nimeliiba. Jirani akikaa, nahamia kwenye vyoo na visima: mnachota wapi, mnachemsha? Jirani anachoka, anaondoka. Maswali ya choo hayajawahi kuniangusha.

Lakini lipo moja ambalo visima haviwezi kulificha. Dodoso letu linauliza kama marehemu aliwahi kupimwa virusi vya UKIMWI na majibu yalikuwaje. Nilimuuliza baba wa kijana aliyekufa ana miaka ishirini na sita. Akasema hapana, hakupimwa. Tukamaliza, tukaagana. Bibi wa marehemu akasema atanisindikiza mpaka barabarani, na tulipofika kwenye mkorosho wa mwisho akanishika mkono. Mjukuu wangu alikuwa anameza zile dawa, akasema, mimi ndiye niliyekuwa namfichia. Baba yake hajui. Kisha akageuka akarudi.

Nilisimama pale na kishikwambi mkononi. Kwa takwimu, jibu la bibi ndilo lenye thamani. Bila hilo programu itasema kifua kikuu au isiseme kitu. Kwa ridhaa, aliyetia sahihi ni baba. Bibi hakusomewa fomu. Alinipa jambo hilo nikiwa nani, mdodosaji au kijana anayefanana na mjukuu wake? Na marehemu aliyechagua mtu mmoja tu wa kumwambia, nani alimuuliza? Sikubadilisha. Niliacha "hapana" ya baba. Msimamizi niliyemweleza baadaye aliniambia nimeharibu data, na huenda kweli. Mwenzangu mwingine, mtu ninayemheshimu, aliniambia ningerudi nimsomee bibi fomu peke yake. Wazo zuri, ila sijui ningemtoaje bibi peke yake mara ya pili bila baba kuuliza wana siri gani.

Siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya zimo kwenye zile zinazoitwa nyeti. Safi. Wakati huohuo nimewahi kuwa kwenye kundi la WhatsApp la kazi ambamo kila jioni tulitakiwa kutuma picha za fomu za ridhaa kama ushahidi kwamba tulifika: majina, vidole gumba, kitongoji. Nilituma kama wengine. Picha hizo zilikaa kwenye simu zetu, pamoja na za harusi.

Kule Helsinki, Oktoba 2024, Chama cha Madaktari Duniani kilifanya marekebisho ya Azimio lake la mwaka 1964 la maadili ya utafiti wa kitabibu, na watu waliokuwa wakiitwa kwa Kiingereza "subjects", yaani wanaofanyiwa utafiti, sasa wanaitwa washiriki. Sisi tumeandika "mshiriki" kwenye fomu zetu za Kiswahili miaka nenda rudi, kisha tukirudi ofisini tunaulizana, "Leo umepata sampuli ngapi?"

Mwaka jana nilipewa timu ya kusimamia, wadodosaji watano. Jambo la kwanza nililolifanya ni kuacha kwenda na mwenyekiti mlangoni. Tunamwona ofisini kwake, tunampa barua, anatangaza kwenye mkutano kwamba tupo; nyumbani kwa mtu tunakwenda wenyewe. La pili, kila jioni tukikaa kula, simuulizi mtu amekamilisha kaya ngapi. Namuuliza ameambiwa nini, maneno yenyewe.

Jioni moja binti mmoja mgeni wa kazi, mchapakazi, akasema kaya yake ya mwisho imeahirisha mara mbili, kesho atarudi mara ya tatu na ana uhakika wataelewana.

"Amesemaje?"

"Amesema njoo kesho."

"Na jana?"

"Njoo kesho."

"Ulipokuwa unaongea naye alikuwa anafanya nini?"

Akafikiri. "Alikuwa anafagia uwanja."

"Ulipomsalimia akaacha?"

"Aliitika. Ila hakuacha."

Nikamwambia afungue kishikwambi. Akabonyeza 4, na ukibonyeza 4 programu haikuachii mpaka uandike sababu. Akaniuliza aandike nini, nikamwambia aandike alichokiona. Akainama, akaandika taratibu kwa kidole kimoja, kisha akanigeuzia kioo nisome kabla hajatuma: Hakuacha kufagia.